Kikulacho kiko chini ya lori

Maneno niliyowaambia wenye malori, shofa na mafundi wa garaji mjini Lubumbashi, mwishoni mwa mwezi wa 8, mvua zikiwa bado mbali

Jambo yenu. Baba zangu, mama zangu, ba yaya, yaani kaka zangu wakubwa, wenye malori, ba shofa, na ninyi vijana wa garaji mliojibanza karibu na mlango ili mtoroke nikirefusha: aksanti kwa kuja.

Tumekutana kusema juu ya kutu inayokula shasi za malori yetu, na rangi ya kuizuia. Lakini sitaanza na rangi. Nitaanza na nyundo. Hapa mezani nina vipande viwili vya chuma. Vyote vimetoka kwenye lori moja, boriti moja ya shasi, na kutoka kimoja hadi kingine hapazidi hatua mbili. Sikilizeni. Hiki nikikigonga kinalia: ngiii. Na hiki? Pu. Kama papai lililoiva. Sasa mpitishiane, tazameni upande wa nje. Kile kinacholia kina rangi iliyochoka na kuchubuka, mtu angesema hakina mwenyewe. Hiki cha pu kina koti jeusi, nene, linang'aa kama kiatu cha Jumapili. Koti hilo nililivalisha mimi, kwa mikono hii.

Lori lilikuwa langu. Lilifanya kazi Ulaya miaka mingi kabla halijapakiwa melini, likashuka Dar es Salaam, likapanda hadi Tunduma, likakatiza Zambia mpaka mpakani kwetu Kasumbalesa. Nilipolipokea nililala chini yake, nikaona kutu, nikasema moyoni: hii ni ndogo. Nikapitisha brashi ya waya nusu siku, nikanunua makopo ya ile rangi nyeusi ya mpira ya kupuliza chini ya magari, nikafunika kila kitu. Nilijivuna, siwafichi. Msimu wa tatu wa mvua, kati ya Likasi na Kolwezi, kishikio cha springi ya nyuma kiling'oka pamoja na kipande cha boriti. Hakuna aliyekufa. Lori lilikaa kando ya barabara siku nne, mzigo wa watu ukiwa juu, na mimi nikijifunza kupokea simu za wenye mzigo bila kutukana.

Nilipolibandua lile koti, mwezi wa 5, mvua zikiwa zimekwisha, lilitoka vipande vikubwa vikubwa kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nyuma yake kulikuwa na unyevu. Kiangazi, vumbi kila mahali, na nyuma ya rangi chuma bado kimelowa! Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilimfunga mgonjwa ndani ya koti la mvua, tena mvua ikiwa ndani.

Kutu haihitaji mengi. Inataka chuma, maji na hewa, basi. Chumvi yenyewe haili chuma. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri, maana kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea ndani ya tone la maji, kutoka doa moja la chuma kwenda doa jingine. Kule Ulaya wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na lori linaioga kila siku. Chumvi hiyo inaingia ndani ya vishimo vya kutu na kukaa humo. Brashi ya waya haiitoi. Inapita juu, inaisugua kutu mpaka inang'aa, na wewe unadhani umefika kwenye chuma. Mgeni huyo unasafiri naye mpaka Lubumbashi, ambako hakuna barafu hata ya kuweka kwenye soda.

Jambo la pili, kutu inavimba. Inachukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana pale bati mbili zilipogongewa pamoja kwa riveti mnaona zimeanza kuachana, zimefanya tumbo katikati. Hakuna aliyezipinda. Kutu imekaa katikati yake na kusukuma, na kuna siku riveti itakatika lori likiwa limeegeshwa tu.

Hayo ni ya lori lililotoka mbali. Lakini hata lori jipya kabisa, likiingia Katanga, linakutana na maadui wa hapa nyumbani, na hao ndio niliokuja kuwasema hasa.

Kwanza mvua. Kwetu zinaanza mwezi wa 10 au wa 11, zinakwisha mwezi wa 4, na ni nyingi: kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka. Matope mekundu yanapanda mpaka ndani ya boriti yanakaa humo kama sponji. Nje umeosha, lori linapendeza. Ndani ya shasi kuna udongo uliolowa wa tangu Krismasi.

Pili, mzigo wetu. Shaba ya kwanza ya mji huu iliyeyushwa mwaka 1911, na tangu wakati huo watu wa hapa tunaishi kwa madini na kila kinachotembea na madini. Leo viwanda vya Likasi na Kolwezi vinatumia asidi ya salfa kutoa shaba na kobalti kwenye mawe, na sehemu ya asidi hiyo imekuwa ikija kwa barabara kutoka Zambia. Najua humu ndani kuna shofa wa siterni, yale malori ya tangi. Basi niwaulize: ile asidi iliyokolea, ya asilimia 98, mnaibeba ndani ya tangi la chuma gani?

Nimesikia. Chuma cha kawaida. Sasa ajabu iko wapi? Asidi inayotoboa suruali na kuchoma ngozi inasafiri kilomita mia kadhaa ndani ya tangi la chuma, na tangi linafika zima. Sababu ni kwamba asidi iliyokolea hivyo ikigusa chuma inatengeneza ngozi nyembamba ya salfati, na ngozi ile inakilinda chuma kisiendelee kuliwa. Lakini tone moja likidondoka nje, likakaa juu ya boriti, mambo yanageuka. Asidi hiyo ina kiu. Inanyonya maji kutoka hewani, halafu inapata manyunyu ya kwanza ya mwezi wa 11, na sasa ni asidi ya majimaji. Hiyo ndiyo inayokula. Kwa hiyo shofa anayeniambia "papa, ni tone tu, na mvua imeshaosha" ananiambia kwamba meza imeandaliwa.

Rangi zitakazotajwa hapa leo nyingi zinavumilia asidi iliyopungua kwa muda; asidi ya asilimia 98 ikikaa juu yake, hata rangi ngumu ya epoksi ya kawaida inaungua. Dawa ya tone la asidi haimo ndani ya kopo la rangi. Ni kuliondoa siku hiyo hiyo, na kazi hiyo ifanywe na waliofundishwa, wenye miwani, glovu na mavazi yake: kwanza chokaa au soda ya unga ili kuiua, kisha maji mengi. Vijana wa kuosha malori, nawaomba: msiimwagie kikombe cha maji. Asidi iliyokolea ikipewa maji kidogo inachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Na wanaobeba mzigo wa shaba wasicheke. Chukueni msumari, utumbukizeni ndani ya maji ya buluu ya salfati ya shaba. Baada ya muda unatoka na koti jekundu. Watu wa viwanda wanajua, wamekuwa wakikamata shaba kwa vyuma chakavu kwa njia hiyo. Shaba imekaa juu, na chuma kilichokuwa pale kimeondoka kwenda ndani ya maji. Uchafu wa mzigo ukibaki juu ya shasi, ukalowa pamoja na asidi kidogo, unafanya kazi ile ile, polepole, mahali usipopaona.

Sasa tuje kwenye rangi. Mtu akija garaji kuniuliza rangi ipi inadumu, namrudishia maswali mawili. Lori linabeba nini? Na chuma utakisafisha kwa kitu gani? Wengi wanajibu la kwanza kwa kirefu na la pili kwa kukohoa. Lakini la pili ndilo linaloamua, kwa sababu kila rangi ina chuma inachokikubali, na kwa chuma kingine hela yako imekwenda.

Chukueni rangi ya zinki. Ni rangi ya msingi ya kijivu iliyojaa unga wa zinki, na inavyofanya kazi ni jambo zuri kulieleza: zinki inakubali kuliwa badala ya chuma. Ukikwaruza rangi, zinki iliyo pembeni inajitoa kwanza. Kwenye karatasi hakuna bora kuliko hiyo. Lakini ili zinki imlinde jirani yake lazima wagusane, chuma kwa chuma. Kutu ikibaki katikati, hata ile nyembamba, hawagusani, na umenunua rangi ya kijivu ya bei kubwa. Zinki inataka shasi iliyopigwa mchanga kwa upepo wa kompresa mpaka chuma kikawa cheupe karibu chote. Mafundi wa kimataifa wanaiita Sa 2½ katika kanuni ya ISO 8501-1. Tena zinki na asidi hawakai nyumba moja, na chokaa mbichi iliyolowa nayo inaichokoza. Kwa hiyo kwa siterni ya asidi au lori la chokaa, zinki iliyo wazi bila rangi juu yake mimi siiweki. Anayebeba unga wa mahindi na saruji, akiwa na uwezo wa kupiga mchanga shasi nzima, ajenge juu ya zinki na mimi nitampongeza.

Epoksi ya makopo mawili ndiyo ninayoiweka zaidi, na sioni haya kusema hivyo. Kopo moja ni rangi, jingine ni dawa yake ya kugandisha. Inashika chuma kwa nguvu, inazuia maji vizuri, na ziko epoksi nene zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mkono, yaani kwa brashi ya waya na mashine ya disku, si lazima mchanga. Hizo ndizo za garaji zetu. Udhaifu wake ni jua: epoksi ikipigwa na jua inakuwa na unga kama chaki, ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Chini ya lori jua ni dogo, lakini pande za nje za boriti, tangi za upepo, kishikilia gurudumu la akiba, hizo zinaliona. Hapo juu ya epoksi unaweka rangi ya poliuretani ya makopo mawili, ambayo jua haiisumbui. Nitarudi kwa poliuretani, maana ina neno lake na mapafu.

Kuna rangi zinazouzwa kwa maneno "paka juu ya kutu". Si uongo wote. Zile za poliuretani ya aina nyingine, inayokauka kwa unyevu wa hewa, zinashika kweli juu ya kutu iliyokazana, mradi ile inayobanduka imeondolewa na mafuta yametolewa kabisa. Zinakauka ngumu ajabu. Shida mbili: nazo haziwezi jua, na kopo ukilifungua leo, kesho unyevu umeshaligandisha, kifuniko nacho kimegeuka kuwa sehemu ya kopo. Basi nunua makopo madogo. Na ile dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya fosfori au tanini, inayoifanya kutu nyekundu iwe nyeusi, inasaidia kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki. Ila soma kopo la epoksi kabla hujaiweka chini yake. Epoksi nyingi hazipendi masalia ya asidi. Inabaki laini upande wa chini, na baada ya miezi sita inatoka kama stika.

Hot galvanaizi, kutumbukiza chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa kwa nyuzi 450 hivi, ni nzuri kwa mageti na nguzo, na kwa remoki iliyobuniwa hivyo tangu kiwandani. Shasi ya lori iliyotengenezwa kwa chuma kigumu kilichopikwa maalumu, usiipeleke kwenye moto bila ruhusa ya aliyeitengeneza. Tuliache hilo.

Sasa ule weusi. Lami na mpira. Mnataka niuhukumu? Juu ya chuma safi chenye epoksi, ndani ya mapaja ya magurudumu ambako mawe yanapiga kama risasi, mpira ni ngao nzuri, unakunywa pigo la jiwe. Juu ya kutu ni kaburi. Lami inazeeka, inakauka, inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Na anayeipaka hovyo anaziba hata vile vitundu vya kutolea maji ambavyo mtengenezaji aliviacha kwa makusudi. Mtu akija kuniuzia lori lililotumika, chini yake likiwa jeusi na jipya kuliko juu, mimi nachukua nyundo.

Naona yaya mmoja pale anatabasamu, anangoja niseme juu ya mafuta ya vidanje, yale machafu tunayomwaga tukibadilisha mafuta ya injini. Haya, tuyaseme, maana kila garaji ya mitaa yetu ya Katuba na Kenya ina pipa lake, na wazee wetu walipaka shasi kwa hayo, na malori yao yalitembea. Ni kweli mafuta yanafukuza maji. Ni bure, na yanapenya. Lakini mafuta yaliyokwisha kazi ndani ya injini yamebeba masizi, chembe za chuma na asidi zilizotokana na moto. Unayatoa kwenye injini kwa sababu yamechafuka, kisha unayapeleka kwenye shasi ukiyaita dawa. Yanavimbisha mipira ya breki na bushi za raba. Yanakusanya vumbi mpaka huwezi tena kuona ufa. Yanadondoka kwenye udongo ambao watoto wanachezea na visima vinakunywa. Na mikono ya yule kijana anayeyapaka bila glovu, mwaka baada ya mwaka: ndani ya mafuta hayo kuna vitu vinavyojulikana kuleta saratani ya ngozi. Bure hiyo mtu analipa, ila si mwenye lori.

Wazo la wazee, hata hivyo, lilikuwa zuri. Kitu laini kinachopenya na kurudiwa kila mwaka ni njia halali kabisa, na kwa sehemu za ndani ya boriti sijui njia inayoishinda. Badala ya vidanje wekeni nta ya mashimo ya magari, au mafuta ya lanolini, yale yanayotoka kwenye sufi ya kondoo. Hayakauki yakawa gome, kwa hiyo hayapasuki. Yakikwaruzwa yanatambaa na kujiziba. Unayapuliza kwa mpira mrefu wenye kichwa kidogo mpaka mle mkono usipoingia. Ubaya wake ni kwamba maji ya pampu yanayaondoa, hivyo yanarudiwa kila mwaka kabla ya mvua. Mtu mwenye lori lenye kutu ya zamani, asiye na hela ya kupiga mchanga, akiniuliza afanye nini mwaka huu, namwambia aoshe, akaushe, akwangue kinachobanduka, apulize lanolini ndani na nje. Halitapendeza. Litakuwa na mafuta, na shofa ataniapiza kila akibadilisha gurudumu. Lakini hakuna kitakachojificha, na mwaka kesho akipata hela anaweza kuliosha na kuanza upya. Koti gumu lililowekwa vibaya halina mwaka kesho.

Kusafisha. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo vijana wanapokimbia. Utaratibu si wa kugeuza: kwanza mafuta na grisi yatoke, kwa sabuni kali na maji. Ukianza na brashi ya waya wakati grisi ipo, unaipaka grisi ndani ya chuma. Baada ya sabuni, maji safi mengi, juu kushuka chini, ndani ya boriti mpaka yanatoka meupe. Hayo ndiyo yanayotoa chumvi na asidi, hakuna brashi inayofanya kazi hiyo. Likauke. Kisha kwangua, piga nyundo ndogo yenye ncha kwenye kila gome la kutu, piga brashi. Kisha osha tena. Ndiyo, tena, kwa sababu sasa umefungua vishimo vilivyokuwa vimefungwa na chumvi iliyokuwa chini iko wazi. Fundi anayeosha mara moja tu, mwombe apunguze bei.

Kona kali za chuma zisagwe kidogo ziwe mviringo. Rangi ikiwa bado maji inajivuta na kuikimbia kona, kwa hiyo pale unapohitaji rangi nyingi ndipo inapobaki nyembamba. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupuliza, chukua brashi ya mkono upake kwanza kona zote, vichwa vya bolti na riveti, na mistari ya kuchomelea. Baadaye ndipo unapuliza yote. Kutu ya kwanza kwenye shasi iliyopakwa huanzia kwenye kona. Kaangalieni malori yenu leo jioni.

Hesabu kidogo, msikimbie. Boriti ya shasi ya urefu wa mita 8, kimo cha sentimita 25 na midomo ya sentimita 8 juu na chini, ukipaka ndani na nje ina kiasi cha mita za mraba 6 na nusu. Boriti mbili, 13. Ongeza mataruma yale ya kukatiza, vishikio na matangi, sema 20. Epoksi yenye asilimia 60 ya kitu kigumu, lita moja ikipakwa unene wa mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ikiwa kavu, inafunika mita za mraba 6. Hesabu yake ni 60 mara 10, gawa kwa 100. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, kwenye mita 20 ni mita 40, gawa kwa 6, karibu lita 7. Na zile zinazobaki kwenye brashi, kwenye upepo na chini ya miguu? Theluthi hivi. Basi lita 9 au 10. Fundi akikuambia lita 4 zinatosha, ama atapaka mkono mmoja, ama ana tina nyingi sana, ile dawa ya kuifanya rangi iwe nyepesi. Tina iliyozidi inafanya rangi itembee vizuri na ibaki nyembamba kama jani la kitunguu.

Na vile vipimo vya kuchanganya: kama kopo linasema nne kwa moja, ni nne kwa moja, kwa chombo cha kupimia. Si kwa jicho. Epoksi isiyopata dawa yake ya kutosha haitaganda hata ukiisubiri mpaka Pasaka.

Mniulize sasa kwa nini nimewaita mwishoni mwa mwezi wa 8. Mwezi wa 6 na wa 7 kiangazi kipo, lakini usiku wa hapa kwetu baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na epoksi nyingi zikishuka hapo zinalala, hazigandi. Tena alfajiri chuma kina umande usiouona. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba chuma kiwe na joto zaidi ya kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo umande unaanza kushika, kwa nyuzi 3 au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Mwezi wa 9 kuna joto na pakavu. Mwezi wa 10 bado inawezekana, ila anza asubuhi, kwa maana saa sita mchana boriti iliyochomwa na jua inakausha tina kabla rangi haijatulia, unabaki na vipele. Mvua zikifika, umechelewa. Pulizeni lanolini mngoje mwaka kesho.

Kuna visivyopakwa. Mipira ya breki, disku na ngoma, raba zote, chuchu za grisi, vipumulio vya ekseli, kardani pale inapoteleza, bomba la moshi, na pale nyaya za umeme zinapofungwa kwenye shasi. Uso wa rimu unapokaa kwenye habu usiwe na rangi nene. Rangi inasagika, nati zinalegea, gurudumu linakutangulia Kasumbalesa. Na namba ya shasi, jamani. Ifunike kwa utepe, kisha iwekee nta inayoonekana ndani. Ukiizika chini ya epoksi, mpakani utaeleza mpaka jua litue.

Nilisema nitarudi kwa poliuretani ya makopo mawili. Dawa yake ya kugandisha ina kemikali iitwayo isosianati. Ikipulizwa, ukungu wake unaingia kifuani na unaweza kuleta pumu isiyoondoka, na ikishakuja, hata harufu ndogo inamrudishia. Kitambaa puani si kitu. Barakoa ya vumbi si kitu. Anayepuliza avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na wengine wakae mbali. Asiye na vifaa hivyo apake kwa brashi au rola, nje, penye upepo, na glovu mkononi. Au aache poliuretani kabisa, akubali unga wa epoksi. Mimi naona afadhali lori lenye chaki kuliko kijana asiyeweza kupanda ngazi. Na ndani ya shimo la garaji, mvuke wa tina unashuka na kukaa chini kama maji. Sigara moja, au taa iliyochubuka waya, inatosha.

Papa mmoja ameandika swali kwenye karatasi: je, kuchomelea kiraka kabla ya kupaka? Jibu ni kwamba midomo ya juu na chini ya boriti watengenezaji wengi wanakataza kabisa kuichomelea au kuitoboa. Usiiguse mpaka usome kitabu cha lori lako. Panaporuhusiwa, toa waya za betri kwanza, chomelea, na ukumbuke kwamba upande wa pili wa pale ulipochomelea rangi imeungua. Mahali hapo hapaonekani. Hapo ndipo unapoingiza ule mpira mrefu wa nta.

Nimezidisha dakika, nasamehewa. Nje pale kuna malori matatu ambayo wenyewe wamekubali tuyalalie chini. Lile la kati ni jeusi sana, linanitia wasiwasi. Naomba vijana wawili wenye taa, na yule aliyekaa na nyundo yangu anirudishie.